Machozi kwa Watu Wasiokuwepo: Huzuni ya Watazamaji wa Filamu za Asia Dar es Salaam

Anayelia mbele ya filamu anajua mambo matatu kwa wakati mmoja: kwamba anayemlilia ni mwigizaji, kwamba kisa chenyewe kimetungwa, na kwamba chozi lake halitabadili chochote. Filamu ikiwa ya Kihindi, ya Kichina au ya Kikorea, huongezeka jambo la nne: wale watu si wa lugha yake, mara nyingi si wa dini yake, na nchi yao hajaikanyaga. Hata hivyo analia. Katika mitaa ya Mwananyamala, Tandale na Magomeni upande wa Kinondoni, na ya Tandika, Mtoni na Mbagala upande wa Temeke, kilio hicho kimezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeulizwa sababu. Lakini kwa falsafa na kwa elimu ya dini kinazaa maswali matatu yasiyo mepesi. Je, huzuni hiyo ni ya kweli? Kwa nini umbali wa nchi, lugha na imani hauizuii? Na je, ina thamani yoyote kwa maadili ya mtu au mbele ya Mungu wake?

Jinsi filamu hizo zilivyofika

Mazoea ya pwani na filamu ni ya zamani. Zanzibar ilipata jumba la Royal, ambalo baadaye liliitwa Majestic, tangu mwaka 1921. Kufikia miaka ya 1950 filamu za Kihindi zilikuwa zimeteka nyoyo za watu wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam, wa kila rangi na kila dini. Mwanahistoria Laura Fair, aliyetafiti majumba ya sinema ya Tanzania na kuchapisha kitabu chake mwaka 2018, anaeleza kuwa Zanzibar kulikuwa hata na maonesho ya wanawake peke yao, ambako mama aliyevaa buibui aliweza kukaa na mashoga zake akalia bila kuonwa na wanaume. Nyimbo za filamu hizo ziliingia kwenye taarabu. Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kwa kuimba mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya Kihindi.

Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Empress, Avalon na Odeon katikati ya mji, na tangu 1966 Drive-In ya Msasani, ambako watu walitazama filamu wakiwa ndani ya magari. Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994, na kwa hiyo kwa miongo mingi sinema ndiyo ilikuwa picha pekee inayocheza ambayo mtu wa kawaida aliweza kuiona. Kanda za video zilipoenea, picha ilihama kutoka mjini ikafuata watu mitaani. Ndipo vikazaliwa vibanda vya video, ambavyo wengi huviita vibanda umiza: chumba cha mabati au mabanzi, mabenchi yaliyobanana, televisheni moja na deki, na kiingilio cha shilingi mia chache. Humo zilioneshwa picha za mapigano za Hong Kong, mchana watoto wakijifunza mateke ya Bruce Lee na Jackie Chan, na picha za Kihindi zinazochukua karibu saa tatu.

Kwa kuwa Kihindi na Kichina havikueleweka, na maandishi ya Kiingereza chini ya picha hayakumfaa kila mtu, ilizuka kazi ya mtafsiri. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, ndiye mwanzilishi anayekumbukwa zaidi nchini: sauti yake moja ilisema maneno ya stelingi, yaani shujaa wa picha, ya adui, ya mama na ya mtoto, na juu ya hayo ilisimulia kinachotendeka. Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina kundi kubwa la watafsiri wanaojiita VJ. Baadaye vikaja vituo vya televisheni. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina Doudou na Mama Wakwe Zake ikiwa imeingizwa sauti za Kiswahili, na tarehe 25 Machi 2013 Rais Xi Jinping wa China aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam. Tamthilia ya Kikorea Jumong ilizunguka kwa diski na flashi, na ving'amuzi vya StarTimes na Azam vikafanya tamthilia za Asia zenye sauti za Kiswahili kuwa sehemu ya jioni ya familia.

Kinacholiliwa

Filamu zinazoliza hazilizi kwa sababu moja, lakini zilizodumu katika kumbukumbu ya pwani zinafanana kwa jambo moja: kiini chake ni wajibu unaogongana na wajibu mwingine ndani ya ukoo.

Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, inamhusu hakimu anayeamini kuwa mtoto wa mwema huwa mwema na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Anamfukuza mkewe mjamzito kwa kumshuku, na mwanawe analelewa katika ufukara mpaka anakuwa mhalifu. Mwisho baba na mwana wanakutana mahakamani bila ya baba kumjua aliye mbele yake. Katika Zanzibar ya miaka ile, ambako nasaba ilipima heshima ya mtu, kisa hicho hakikuwa cha Bombay pekee. Kiligusa swali ambalo kila mtaa ulikuwa nalo: je, mtu anafanywa na damu yake au na malezi yake?

Mother India ya Mehboob Khan, ya mwaka 1957, inapeleka mgongano huo mbali zaidi. Radha, mama aliyeachwa peke yake na deni la mkopeshaji, anawalea wanawe kwa jembe na njaa. Birju, mwana anayempenda kuliko wote, anageuka jambazi na kumteka binti wa mkopeshaji siku ya harusi, na mama anampiga risasi kwa sababu heshima ya binti yeyote wa kijiji ni heshima yake. Mtazamaji hapewi pa kuegemea. Anayeona mama amefanya haki analia kwa ajili ya uzazi, na anayeona amekosea analia kwa ajili ya haki.

Sholay ya 1975 inaliza kwa njia nyingine. Wateja wa vibanda wana kanuni yao kwamba stelingi hafi: ataumia, atafungwa, atapigwa mpaka watu wafumbe macho, lakini atainuka. Katika Sholay, Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, anakufa ili rafiki yake apone. Kifo hicho kinavunja ahadi ambayo mtazamaji alidhani amepewa, na sehemu ya huzuni yake hutoka katika kusalitiwa huko.

Baghban ya mwaka 2003 haihitaji jambazi wala risasi. Baba amestaafu, ametumia akiba yake yote kwa watoto, na wana wanne wanakubaliana kugawana wazazi: baba kwa mmoja, mama kwa mwingine, kwa zamu za miezi sita. Wazee waliokaa pamoja maisha yao yote wanabaki kuzungumza kwa simu. Anayewaokoa ni kijana waliyemlea, asiye wa damu yao. Katika nyumba za kupanga za Tandika au Mwananyamala, ambako mzee aliyeletwa kutoka kijijini hulala sebuleni na wana hupigiana simu kuhusu nani atamchukua mwezi ujao, filamu hii haitazamwi kama habari za India.

Tamthilia ya Doudou nayo, ingawa inachekesha zaidi ya kuliza, inasimama juu ya msingi uleule. Doudou anaolewa na mtu ambaye wazazi wake wameachana na baba ameoa upya, na kwa hiyo anapata mama wakwe wawili wa kuridhisha. Beijing ya maghorofa ilieleweka Mbagala kwa sababu kila anayeishi na wakwe anajua gharama ya neno moja lililosemwa vibaya jikoni.

Swali la kwanza: je, huzuni hiyo ni ya kweli?

Mwaka 1975 mwanafalsafa wa Kiingereza Colin Radford aliliweka tatizo hili katika sura ambayo bado inajadiliwa. Mtu akihadithiwa msiba akasikitika, kisha akaambiwa kuwa habari ile ilikuwa ya uongo, masikitiko yake huondoka, kwa sababu huzuni ya kawaida hutegemea imani kwamba kuna mtu aliyeumia. Mtazamaji wa filamu hana imani hiyo hata kidogo, na bado anahuzunika. Radford alihitimisha kwamba binadamu katika hili anajipinga: hisia yake ni ya asili, lakini haina mantiki.

Jibu moja lililotolewa, na Kendall Walton mwaka 1978, ni kwamba mtazamaji yumo ndani ya mchezo wa kujifanya. Moyo unakwenda mbio na machozi yanatoka, lakini kinachoendelea si woga wala huzuni kamili. Ni mfano wake, kama mtoto anayemkimbia baba yake aliyejifanya simba. Kwa kiasi fulani mwenendo wa vibanda unaunga mkono jibu hili. Watazamaji humpigia stelingi kelele ageuke nyuma adui anapomnyemelea, lakini hakuna anayeinuka kwenda kumsaidia, wala anayekimbilia polisi.

Hata hivyo jibu hili halitoshi. Anayejifanya anaweza kuacha akitaka, ilhali anayelia kwa Baghban mara nyingi anajizuia na kushindwa. Tena mchezo huisha pamoja na picha, na huzuni hii haiishi hivyo: mtu hutoka kibandani kimya, na pengine usiku uleule humpigia simu mama yake aliye Lindi au Singida. Mchezo wa kujifanya hauelezi simu hiyo.

Jibu lenye nguvu zaidi linaanza kwa kutenganisha mtu wa kwenye picha na jambo linalompata. Mtu hayupo, jambo lipo. Hakuna Radha aliyempiga mwanawe risasi, lakini wapo wazazi waliolazimika kuchagua kati ya mtoto na haki. Hakuna mzee wa Baghban, lakini wazee waliogawanywa na watoto wao wapo, na baadhi yao wanajulikana kwa majina mtaani. Kwa maana hiyo mtazamaji hakosei. Imani inayobeba huzuni yake ni kwamba mambo ya namna hii huwapata watu na kwamba ni mabaya kiasi hiki, na imani hiyo ni ya kweli. Huyu mama mmoja wa kwenye kioo ndiye mlango. Bila uso wake, sauti yake na mikono yake yenye udongo, jambo lenyewe lingebaki kuwa taarifa. Radford alidai huzuni iwe na mtu wa kweli mwishoni mwake. Inatosha iwe na jambo la kweli.

Swali la pili: kwa nini umbali hauizuii?

Katika karne ya 18 Adam Smith wa Uskoti alitoa mfano unaojulikana sana katika falsafa ya maadili. Mtu wa Ulaya akisikia kwamba China yote imemezwa na tetemeko la ardhi, atatoa maneno ya masikitiko, kisha atalala vizuri. Lakini akijua kuwa kesho atakatwa kidole kidogo, hatapata usingizi. Kwa hesabu hiyo, mkazi wa Temeke angetarajiwa asimlilie kabisa mkwe wa Beijing au mjane wa kijiji cha India. Filamu inaivuruga hesabu hiyo, na haitoshi kusema kwamba picha huwaleta watu karibu kwa macho. Habari za televisheni nazo huonesha nyuso za walioumia, na hutazamwa watu wakiendelea kula.

Maelezo bora yanapatikana katika falsafa ya sanaa iliyozaliwa palepale zilikotoka filamu hizo. Natyashastra, kitabu cha kale cha Kihindi cha sanaa ya maonesho kinachonasibishwa kwa Bharata, kinataja rasa nane, yaani ladha za hisia ambazo mchezo huamsha kwa mtazamaji. Karuna, ladha ya huruma na majonzi, ni mojawapo. Wafasiri wa Kashmir wa karne ya 10 na mwanzo wa karne ya 11, hasa Bhatta Nayaka na Abhinavagupta, waliuliza vipi majonzi yanaweza kuwa ladha na watu wakayatafuta kwa kulipa. Wakajibu kwamba katika maonesho hisia huachana na mwenyewe. Si yangu, si ya rafiki yangu, si ya adui yangu. Katika maisha ya kila siku huzuni haiji peke yake: inakuja na hofu ya hasara, na hesabu ya nani atafaidika, na haja ya kutenda jambo haraka. Ikivuliwa hayo yote, mtu hubaki nayo na kuitazama jinsi ilivyo.

Nadharia hiyo, iliyotungwa kwa ajili ya watu wa tabaka la juu wa Kashmir, inaeleza vizuri zaidi kinachotokea Mbagala kuliko nadharia nyingi za Ulaya. Msiba wa mtaani ni jambo zito lenye mengi ndani yake. Aliyefiwa huangaliwa kama analia vya kutosha au anazidisha. Majirani huhesabu nani amekuja na nani ametuma mchango tu. Ndugu walionuniana hukaa mkeka mmoja. Na kabla ya arobaini mara nyingi suala la urithi limeshanong'onwa. Mwanamume huambiwa ajikaze. Huzuni ya kweli imo, lakini imefungwa pamoja na deni, aibu na tahadhari. Kwa Radha au kwa mzee wa Baghban hakuna mchango wa kutoa, hakuna ugomvi wa zamani, hakuna shamba la kugombea, na giza la kibanda linamsitiri anayejifuta macho. Umbali, basi, haupunguzi huzuni. Unaisafisha, na mtu huweza kumlilia mgeni yale aliyoshindwa kumlilia ndugu.

Hapa nafasi ya mtafsiri inastahili kuangaliwa, kwa kuwa kazi yake inaonekana kama kuufuta umbali huo. Lufufu na waliomfuata hawakufasiri sentensi kwa sentensi. Walisimulia, walieleza desturi za kigeni, waliongeza mifano ya hapa nyumbani, na waliingiza mzaha pale ambapo picha ilikuwa imenyamaza. Mzaha huo wakati mwingine ulikata machozi katikati. Lakini sauti moja inayosema kwa niaba ya wote ilifanya pia kazi nyingine: ilimkumbusha mtazamaji kila dakika kwamba anasimuliwa, kama ilivyokuwa kwa bibi msimulizi wa ngano aliyeigiza sauti ya sungura na ya simba kwa koo moja. Kisa kilikaribia kueleweka, huku kikibaki kisa. Ule uhuru ambao wafasiri wa Kashmir waliuona kuwa sharti la majonzi ya sanaa haukupotea.

Wanahistoria na wanaanthropolojia wameongeza jambo moja la kijamii. Brian Larkin, aliyechunguza mapenzi ya watu wa Kano, Nigeria, kwa filamu za Kihindi, alionesha kuwa filamu hizo ziliwapa vijana wa Kiislamu mahali pa kufikiri juu ya mapenzi na ndoa za kupangwa bila kuonekana wanaiga Ulaya. Pwani ya Afrika Mashariki hali ilikuwa karibu hiyohiyo. Filamu ya Kimarekani ya mapenzi mara nyingi ilimwonesha kijana anayewaacha wazazi na kwenda zake. Ya Kihindi ilimwonesha anayewapenda wote wawili, mzazi na mpenzi, na hawezi kuwapata wote. Tatizo la pili ndilo lililokuwa la watazamaji.

Swali la tatu: je, machozi hayo yana thamani?

Shaka juu ya thamani yake ni ya kale. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, aliwalaumu washairi wa misiba kwa kulisha sehemu ya nafsi inayopenda kulalamika: anayezoea kuwalilia wengine jukwaani atashindwa kujizuia yakimfika yake. Augustino, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354 na baadaye akawa askofu, aliandika katika Maungamo yake jinsi alivyokuwa akipenda kulia katika maonesho ya Karthago. Lawama yake ni kali kuliko ya Plato. Huruma ya kweli, alisema, humtaka mtu aondoe maumivu ya mwenzake. Ya maonesho haimwiti mtu kusaidia, inamwita kuhuzunika tu, na mtu hufurahia huzuni hiyo kiasi cha kuwasifu waliomliza. Ni huruma isiyogharimu kitu.

Katika Uislamu, dini ya watu wengi wa Temeke na Kinondoni, machozi yenyewe hayana lawama. Mapokeo yanasema Mtume alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na alipoulizwa alieleza kuwa machozi ni rehema. Kilichokatazwa ni kupiga mayowe na kujirarua. Wakristo nao husoma katika Injili ya Yohana kwamba Yesu alilia katika msiba wa Lazaro. Kwa hiyo mjadala wa mashekhe na wachungaji hauhusu chozi. Unahusu mahali linapotokea. Wapo wanaokataza filamu hizi moja kwa moja kwa sababu ya miili iliyoachwa wazi, muziki, na muda wa sala unaopotea. Kuna tatizo jingine mahsusi kwa filamu za Kihindi: mara nyingi mama anayeliza zaidi analia akiwa amepiga magoti mbele ya sanamu. Je, Muislamu au Mlokole anayebubujikwa na machozi pale ameshiriki ibada ile?

Jawabu linategemea alichokishiriki. Mtazamaji haelekezi dua yake kwa sanamu, na kwa mujibu wa Uislamu matendo hupimwa kwa nia. Anachokishiriki ni haja iliyomfikisha mama yule magotini: mtoto mgonjwa, mume aliyepotea, aibu isiyo na mtetezi. Haja hiyo haina dini. Tena historia ya filamu zenyewe inalithibitisha hili kabla ya mtazamaji kuingia. Mehboob Khan aliyeiongoza Mother India alikuwa Muislamu, na Nargis aliyeigiza kama Radha alizaliwa kwa jina la Fatima. Picha ya mama wa Kihindu iliyowaliza Waislamu wa Zanzibar iliundwa na Waislamu wa Bombay, na mpaka wa imani ulikwishavukwa na waliotengeneza huruma ile.

Kipimo kinachofaa zaidi kinatoka kwa al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111. Katika sehemu ya Ihya Ulum al-Din inayohusu kusikiliza nyimbo na mshtuko wa moyo, alishika kauli kwamba usikilizaji hauweki moyoni jambo lisilokuwemo, huamsha lililomo. Kwa sababu hiyo hukumu yake haiwi moja kwa watu wote: sauti ileile humzidishia mwema wema na mpotovu upotovu. Kanuni hiyo ikipelekwa kwenye filamu, inajibu sehemu ya lawama ya Augustino. Chozi linaonesha kuwa huruma imo. Mengzi wa China, karne ya 4 kabla ya Kristo, alisema kitu cha karibu na hicho kwa mfano wa mtoto anayekaribia kutumbukia kisimani: yeyote anayeona hushtuka kabla hajafikiri faida wala sifa, na mshtuko huo ni chipukizi la utu. Lakini Mengzi alisisitiza kwamba chipukizi ni chipukizi, lisipokuzwa hufa.

Mtazamaji anapokutana na Mhindi wa kweli

Mtihani mkubwa wa yote yaliyosemwa uko Dar es Salaam penyewe. Mtu aliyemlilia Radha usiku hukutana asubuhi na Watanzania wenye asili ya India madukani Kariakoo, na historia kati ya pande hizo mbili haikuwa nyepesi. Chini ya ukoloni Wahindi waliwekwa kati, chini ya Mzungu na juu ya Mwafrika. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo iliwanyang'anya wenye nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, wengi wao wenye asili ya Asia, na maelfu walihama nchi. Waliobaki na majirani zao wanaendelea kuishi pamoja kwa biashara, kwa ajira, kwa heshima, na mara nyingi kwa kudhaniana. Machozi ya sinema hayakuuondoa umbali huo. Kinachoisafisha huzuni ya kibandani, yaani kutokuwepo kwa maslahi, hakipo dukani, kwa sababu dukani kuna mshahara, bei na kumbukumbu.

Filamu iliyoligusa jambo hili waziwazi ni Mississippi Masala ya Mira Nair, ya mwaka 1991. Jay, wakili mwenye asili ya India aliyezaliwa Uganda na kuipenda, anafukuzwa pamoja na familia yake na Idi Amin mwaka 1972. Kinachomchoma zaidi ya amri ya Amin ni rafiki yake wa utotoni, Okelo, anayemwambia kwamba Afrika ni ya Waafrika weusi. Miaka baadaye huko Mississippi binti yake anampenda Mmarekani mweusi, na Jay, aliyeumizwa na ubaguzi, anagundua kuwa yeye mwenyewe anaubeba. Anaporudi Kampala kudai mali yake, anapata habari kwamba Okelo aliuawa zamani, na madai ya nyumba yanapoteza maana.

Mtazamaji wa Afrika Mashariki hawezi kuitazama filamu hii kwa uhuru aliokuwa nao kwa Mother India. Humo yeye ni jirani, si mgeni. Anaweza kujiona katika Okelo aliyesema neno lile, au katika mtumishi wa nyumba iliyoachwa, au katika kizazi kilichoingia katika nyumba hizo. Huzuni inarudi ikiwa na deni, hofu na utetezi, kama ilivyo msibani. Kwa kipimo cha wafasiri wa Kashmir, ladha yake imechafuka. Kwa kipimo cha Augustino, hapa ndipo huruma inapoanza kugharimu kitu, na kwa hiyo ndipo inapoweza kuitwa huruma.

Vipimo hivyo viwili havipingani. Vinahusu hatua mbili tofauti. Filamu ya mbali humfundisha mtu uzito wa jambo bila kumtisha: kwamba mzazi aliyetupwa anaumia hivi, kwamba mgeni aliyefukuzwa anaumia hivi. Ni elimu ya kweli, na asiyewahi kuipata kwa njia yoyote ana upungufu. Lakini elimu hiyo hupatikana pasipo na gharama, na thamani yake ya kimaadili hubaki nusu hadi jambo lilelile litokee mahali penye gharama: kwa baba aliyelala sebuleni, kwa mkwe, kwa mwenye duka, kwa mwajiriwa wake. Kwa hiyo wanaoyabeza machozi ya kibandani kuwa ni upuuzi wanakosea, kwa kuwa yanaonesha moyo unaoweza kutambua jambo baya hata likimpata asiye wake. Wanaoyahesabu kuwa ni wema uliokwisha kutendwa nao wanakosea, kwa kuwa aliyelia hajamtendea mtu yeyote jambo bado. Mzee wa Baghban hahitaji kitu. Anayehitaji ni yule ambaye mtazamaji alimkumbuka alipokuwa akimtazama.